Kivinjari kinajifunga chenyewe kwenye tovuti tatu tu, zingine shwari. Nisaidieni

mwalimu_ramani

Wakuu, salaam. Nimevumilia wiki tatu, leo nimeshindwa.

Kivinjari changu kinajifunga chenyewe. Hakigandi, wala hakileti ujumbe wowote wa hitilafu. Kinatoweka tu. Sasa hivi dirisha lipo, sasa hivi halipo, nabaki nakodolea macho picha ya nyuma ya skrini. Jina la kivinjari silitaji, maana nawajua mashabiki wa humu: wataingia na vita vyao, swali langu lifie katikati.

Kinachonichanganya ni kwamba hakifanyi hivyo kila mahali. Barua pepe nashinda nayo kutwa. Magazeti, kamusi, tovuti za maandishi, hakuna neno. Zinazoniangusha ni tatu tu.

Ya kwanza ni ile ramani ya kuzungusha dunia na kuinamisha milima. Nafundisha jiografia, kwa hiyo hiyo ndiyo chaki yangu. Nikisogea karibu na mlima nikaanza kuuzungusha, sekunde kama 20 hivi, kwaheri. Ya pili ni ubao wa mtandaoni ambao wanafunzi wote wanachora kwa pamoja. Ya tatu ni lahajedwali langu la alama, lina kurasa 14 na limejaa fomula. Hili la tatu ndilo linaloniumiza kichwa, maana halina picha hata moja. Lina tarakimu tu.

Nimefuta akiba na vidakuzi, mara mbili. Nimesasisha kivinjari. Nikizima kompyuta na kuwasha upya, ramani inakubali kwa nusu saa hivi, halafu inarudia mchezo wake. Kompyuta ni mpakato, Windows 11, RAM GB 8, diski SSD ya GB 128. Sijabadilisha chochote.

Juzi kimejifunga mbele ya darasa zima, niko katikati ya kueleza jinsi volkano inavyojijenga. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, imeshalipuka?" Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nalia.

---

fundi_bisibisi

Pole mwalimu. Kwanza nikupongeze, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoandika "haifanyi kazi, nisaidieni" halafu wanapotea.

Kabla ya kugusa chochote, tutenganishe mambo mawili. Kuna kichupo kufa, na kuna kivinjari kizima kufa. Zamani vilikuwa kitu kimoja, ukurasa mmoja ukiharibika unaondoka na vyote. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na mtindo wa kugawa kazi kwenye michakato mingi, yaani vipande vya programu vinavyoendeshwa kila kimoja kivyake, na Firefox ikaanza kuwapa watumiaji wake mtindo huo mwaka 2016. Siku hizi ukurasa ukijikwaa, kinachokufa kwa kawaida ni ule mchakato wake tu. Unaona kichupo kimegeuka ukurasa wa kusikitika, vingine vinaendelea.

Chako kinatoweka chote. Maana yake kilichokufa ni mchakato mkuu, yule mama anayewashika wote. Tovuti mbovu peke yake ni nadra sana kumwangusha mama. Mara nyingi anaangushwa na kitu kilicho nje ya tovuti: dreva ya kadi ya picha (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo), antivairasi inayojipenyeza ndani ya kivinjari, au kumbukumbu.

Kivinjari huwa kinaandika kilivyokufa, hata kama hakikuambii. Kama chako ni Firefox, andika about:crashes kwenye sehemu ya anwani. Kama ni Chrome au ndugu zake, jaribu chrome://crashes. Tuambie kuna ripoti ngapi na za saa ngapi. Zikifuatana na zile dakika ulizokuwa kwenye ramani, tunajua hatufukuzi kivuli.

Halafu jaribu bila viendelezi, zile programu ndogo unazoongeza kwenye kivinjari. Hapa watu wanateleza, kwa hiyo nieleze kidogo. Firefox ukiifungua huku umeshikilia Shift inakuuliza kama unataka hali ya utatuzi. Hali hiyo inazima viendelezi, LAKINI inazima na matumizi ya kadi ya picha kwa wakati huohuo. Ukipona humo hujui kipi kimekuponya. Kwenye Chrome, dirisha fiche haliendeshi viendelezi mpaka uwe umeviruhusu mwenyewe, ila nalo linaanza bila vidakuzi vyako vya zamani. Ndiyo maana mimi nasema nenda kwenye orodha ya viendelezi, uvizime vyote kwa mkono, mengine yote uyaache yalivyo. Jambo moja kwa wakati mmoja.

---

kasi_mpya

Mbona mnazunguka. Futa kivinjari, sakinisha upya. Dakika tano kazi imekwisha.

---

fundi_bisibisi

@kasi_mpya ukifuta kivinjari, folda ya wasifu kwa kawaida inabaki kwenye diski, labda uweke alama ya kufuta na data zako. Unasakinisha upya, kinaikuta folda ileile na ugonjwa uleule. Na ukiweka ile alama bila kusoma, alamisho na nywila zilizohifadhiwa humo ndio basi tena. Nimeona mtu mzima akitokwa na machozi kwa hilo. Wakitaka kujaribu wasifu mpya, Firefox wana about:profiles na Chrome unaongeza mtu mpya kule juu kulia. Wasifu wa zamani unabaki salama.

---

nukta_pacha

Mimi naweka dau kwenye kadi ya picha. Ramani ya mlima na ule ubao vyote vinachora kwa WebGL, yaani ukurasa unaiomba kadi ya picha moja kwa moja iuchoree. Dreva ikiwa na kasoro, hapo ndipo inapojulikana, si kwenye barua pepe. Mwalimu, fungua get.webgl.org, utaona mche mraba unazunguka. Ukizunguka vizuri, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo au utendaji, uzime ule mpangilio wa kuruhusu kivinjari kutumia kadi ya picha. Funga kivinjari chote, fungua, rudi kwenye ramani. Halafu uniletee soda ya mtandaoni.

---

mwalimu_ramani

Asanteni sana wote. Nimekaa na hii kazi jioni nzima na daftari pembeni, kama mwanafunzi.

Ripoti zipo. Nimehesabu 11 ndani ya wiki tatu, na saa zinalingana na vipindi vyangu, karibu dakika kwa dakika. Kabla ya hapo hakuna hata moja. Ina maana kuna siku huu ugonjwa ulianza.

Viendelezi vilikuwa vinne, nimezima vyote. Lahajedwali likanifungia dirisha usoni vilevile. Basi si viendelezi. Nimevirudisha.

Mche mraba umezunguka bila tatizo. Nikazima kadi ya picha kama alivyosema @nukta_pacha, nikafungua ramani nikaipa saa nzima. HAIKUFA. Mlima unazunguka kwa kujikwaakwaa kama mkokoteni kwenye changarawe, lakini haikufa!

---

nukta_pacha

Nilisema! Sasa tafuta dreva mpya kutoka kwa waliotengeneza mpakato wako, isakinishe, urudishe ule mpangilio. Soda yangu iwe ya baridi.

---

mwalimu_ramani

@nukta_pacha soda rudisha.

Dreva nimeweka mpya jana usiku. Asubuhi hii, kadi ya picha ikiwa bado imezimwa, nimefungua programu ya mikutano nizungumze na wazazi, na lahajedwali kando yake. Nimeandika alama za wanafunzi wawili, wa tatu hakufika. Kimejifunga.

Kwa hasira nikafungua lahajedwali lilelile kwenye kivinjari cha pili, cha kampuni nyingine kabisa, ambacho huwa sikigusi. Hicho hakikutoweka. Kichupo tu ndicho kilichokufa, na chini ya ule ukurasa wa kusikitika kulikuwa na maandishi madogo ya kijivu: Out of Memory. Sasa RAM si GB 8? Na nilipotazama, iliyotumika ilikuwa GB 5.7. Kumbukumbu imekwishaje na GB 2 ziko wazi?

---

mzee_wa_diski

Nimesoma uzi wote kimya. Mwalimu, nina maswali mawili.

Moja. Ulisema ukiwasha upya kompyuta ramani inakubali nusu saa. Dreva mbovu haina subira hiyo, ikiamua kuua inaua hata asubuhi kompyuta ikiwa mbichi. Kitu kinachongoja nusu saa ni kitu kinachojaa polepole. Je, ndivyo ilivyo hata kwa lahajedwali?

Mbili. Ulisema hujabadilisha chochote. Kila mtu husema hivyo, hata mimi. Wiki tatu zilizopita diski yako ya GB 128 ilikuwa na nafasi kiasi gani, na uliipatia nafasi kwa njia gani?

Wakati unafikiri, bonyeza Ctrl + Shift + Esc, nenda kwenye utendaji, gusa kumbukumbu. Usitazame grafu kubwa. Chini yake kuna neno Committed na namba mbili zenye mkwaju katikati. Fungua ramani, lahajedwali na mikutano, halafu utuandikie namba hizo kabla dirisha halijafa.

---

mwalimu_ramani

Shikamoo mzee.

Lahajedwali pia linangoja, ndiyo. Sikuwa nimeliona hilo mpaka uliponiuliza.

Namba: nilipowasha kompyuta ilikuwa 3.9/7.8. Nikafungua mikutano, 5.1/7.8. Ramani na mlima wake, 6.8/7.8. Lahajedwali lilipoanza kupakia nikaona 7.5/7.8, nikanyanyua kalamu niandike, na nilipogeuza macho kivinjari hakipo na namba imeshuka ghafla hadi 4.6. Ilikuwa kama kutazama birika likichemka na kumwaga.

Na hilo la diski... naomba msinicheke. Diski ilikuwa imejaa video za masomo, imebaki nyekundu kabisa. Nikaona video moja inasema kuna faili kubwa lisilo na kazi linaitwa pagefile.sys, ukilizima unapata nafasi na kompyuta inakuwa nyepesi. Langu lilikuwa na GB 9. Nikalizima. Nilifurahi siku nzima. Sikulihesabu kama "kubadilisha" kwa sababu halikuwa la kivinjari.

---

mzee_wa_diski

Marahaba. Uzee ni wa jina tu, nina miaka 31.

Hakuna wa kukucheka. Ushauri huo unazunguka tangu RAM ilipoanza kuwa nyingi, na kwa mwenye GB 64 huenda asione madhara yake maisha yake yote. Kwa GB 8 ni hadithi nyingine.

Ndivyo ilivyo. Programu ikihitaji kumbukumbu haichukui punje kwa punje. Inaiomba Windows fungu zima mapema, Windows inaahidi, na programu inalitumia kidogokidogo, pengine isilimalize kamwe. Committed ni jumla ya ahadi zote. Windows haiahidi isichoweza kutoa: ahadi zote kwa pamoja haziruhusiwi kuzidi RAM ukijumlisha na pagefile. Ukiondoa pagefile, ukomo wako unabaki RAM peke yake, ndiyo hiyo 7.8 upande wa kulia.

Fikiria ukumbi wenye viti 100. Watu 70 wamekaa, 30 wametandika leso zao vitini wakatoka nje. Ukija wewe unaambiwa pamejaa. Unaviona vitupu kwa macho yako, lakini vina wenyewe. GB 2 ulizoziona wazi ni leso hizo. Pagefile ikiwepo, Windows inaahidi kwa raha, kwa sababu ikifika siku wote wakarudi kuketi, kuna benchi la akiba diskini. Mara nyingi hawarudi, na hilo benchi linakaa bila kuguswa sana. Ndiyo maana mtu akiliona anadhani halina kazi.

Sasa kivinjari. Kinapoomba kumbukumbu kikanyimwa, kwa sehemu nyingi hakina mpango wa pili. Kimetengenezwa kife palepale, maana kuendelea na kumbukumbu ambayo hakikuipata ni hatari zaidi. Aliyenyimwa akiwa mchakato wa kichupo, kinakufa kichupo. Akiwa mama, wanaondoka wote. Ni bahati tu ya nani aliyenyoosha mkono wakati ahadi zimekwisha. Kwa hiyo vivinjari vyako viwili vina ugonjwa mmoja, kimoja kinaanguka kifudifudi, kingine chali.

Na dau la @nukta_pacha halikuwa la kijinga. Mpakato wa aina yako kadi ya picha haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM hiyohiyo. Ulipoizima ukapunguza ahadi kidogo, ramani ikapata pumzi. Ilikuwa dawa ya maumivu, homa ikabaki palepale.

Ukitaka ushahidi, bonyeza Windows + R, andika eventvwr.msc, fungua daftari la matukio ya mfumo (System), utafute tukio namba 2004. Humo Windows inaandika kwamba ahadi zimekaribia kwisha, na inataja programu tatu zilizokula zaidi.

Kulirudisha: Windows + R, sysdm.cpl, kichupo cha mambo ya juu, mipangilio ya utendaji, tena mambo ya juu, kumbukumbu pepe. Weka alama ya kuiachia Windows isimamie ukubwa yenyewe. Usijaze namba kwa mkono, hata kama video nyingine itakuambia. Kisha washa upya kompyuta. Ila kwanza hamisha hizo video za masomo kwenda diski ya nje, uache angalau GB 20 wazi, la sivyo benchi halitakuwa na pa kuwekwa.

---

kasi_mpya

Lakini pagefile si inaua SSD? Mimi langu nimelizima mwaka wa pili huu.

---

mzee_wa_diski

Ina uandishi wake, ndiyo, lakini SSD za leo zinauhimili kwa matumizi ya kawaida, na kivinjari chenyewe kinaandika akiba yake humo kutwa. Una RAM kiasi gani?

---

kasi_mpya

16. Na sasa naanza kukumbuka ule mchezo unaonirudisha kwenye skrini tupu kila ninapofika hatua ya mwisho. Ngoja kwanza.

---

mwalimu_ramani

Nimerudi.

Tukio 2004 lipo, mara saba. La jana linaitaja michakato miwili ya kivinjari changu na programu ya mikutano, kwa majina. Wiki tatu Windows inaandika kwenye daftari lake kwamba nyumba imejaa, na mimi nafuta vidakuzi.

Kuhamisha video kumechukua saa mbili. Nimerudisha pagefile, nimewasha upya. Halafu nikafungua kila kitu kwa makusudi: mikutano, ramani, ubao, lahajedwali lote kurasa 14, na nyimbo juu yake. Committed imepita pale ilipokuwa ikifia, 7.6, 7.9, 8.4, nikawa nimeshika meza. Imetulia kwenye 9.9/12.8. Nimeiacha hivyo tangu saa tatu, sasa ni saa saba na nusu, haijafa kitu.

Swali la mwisho tu. Ramani bado inajikwaa, na majina ya mito yanachelewa kutokea. Hiyo nayo ni nini?

---

nukta_pacha

Hiyo ni mimi. Ile kadi ya picha niliyokuambia uizime, hujaiwasha.

---

mwalimu_ramani

Nimeiwasha. Mlima unazunguka kama mafuta. Soda yako iko njiani, @nukta_pacha, ila ni nusu.